Mato na macho: kwa nini stadi nne za lugha hazikui kwa pamoja

Mwanafunzi wangu mmoja ni muuguzi aliyehamia Mombasa kutoka Nyeri. Alipanga chumba Kisauni, na siku ya tatu mama mwenye nyumba akamwambia: "Mwanangu, maji yakija wajaza mapipa, kisha wafunga mfereji." Akaitikia, akashukuru, akaenda zake kazini. Jioni aliporudi alikuta mapipa matupu na mfereji umekauka. Mama alishangaa, naye muuguzi akashangaa zaidi, kwa sababu alichosikia yeye ni kwamba kuna watu huja kujaza. "Wajaza" masikioni mwake ilikuwa "wao wanajaza". Mama, kwa Kimvita chake cha kila siku, yaani lahaja ya Mombasa, alikuwa amesema "wewe unajaza".

Muuguzi huyu alipata alama ya A katika Kiswahili cha kidato cha nne. Mpe karatasi umwandikie "wajaza", atakuchambulia bila kusita: huu ni wakati usiodhihirika, kiambishi -a-, na nafsi ya pili umoja (u + a) hulingana kabisa na nafsi ya tatu wingi (wa + a), zote mbili huzaa wa-. Anajua. Lakini kujua huko kumekaa machoni na mkononi, sikioni hakujafika. Wiki iliyofuata mgonjwa mmoja akamwambia "mato yaniwasha", na ikabidi mwenzake amtafsirie kwamba mgonjwa anawashwa na macho.

"Mwalimu," aliniuliza, "nimesoma lugha hii miaka kumi na miwili. Imekuwaje?"

Nafundisha Kiswahili watu wazima hapa Mombasa, na swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi, kutoka kwa askari waliohamishwa kutoka bara, mabaharia, na wageni waliooa au kuolewa Pwani. Ni swali la haki. Shuleni tunaambiwa lugha ina stadi nne, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na mtaala wa umilisi wa Kenya unazitaja waziwazi, huku sarufi ikiwekwa kando yake. Lakini ni nadra mtu kuelezwa zinahusianaje, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Kuna wanaodhani ni kitu kimoja chenye majina manne: ukikijua Kiswahili umekijua chote. Kuna wanaodhani ni vyumba vinne vilivyofungwa, kila kimoja na kipindi chake kwenye ratiba.

Stadi mbili ni za kupokea, kusikiliza na kusoma. Mbili ni za kutoa, kuzungumza na kuandika. Mgawanyo huo ndio ulio maarufu, na mimi naona una kasoro, kwa sababu unawafanya watu wadhani anayesikiliza amekaa tu. Mgawanyo unaonisaidia darasani ni wa wakati. Maandishi hukungoja. Ukisoma sentensi usiielewe, unarudi nyuma. Ukiandika neno usiliamini, unalifuta. Sauti haimngoji mtu. Neno likishatoka kinywani mwa kondakta wa matatu limepita, na la pili liko njiani. Kwa hiyo mtu aliyejifunza lugha kwa macho tu amejifunza kwa kasi yake mwenyewe, na siku akikutana na kasi ya watu wengine hujiona kama hajawahi kusoma.

Mombasa ni mji mzuri wa kuliona jambo hili, kwani hapa utakuta watu walio na stadi moja bila nyingine, na kila mmoja amefika alipofika kwa sababu ya alichokifanya kila siku. Nenda ufuoni Nyali au Bamburi: kuna vijana wanaozungumza Kijerumani au Kiitaliano kwa wepesi, wanapatana bei ya vinyago na kueleza safari ya kwenda kutazama matumbawe, na hawajawahi kuandika barua hata moja kwa lugha hizo. Nenda Kisauni kwenye nyumba ya bibi Mgiriama: yeye anasema Kigiriama, mjukuu anamjibu Kiswahili, na mazungumzo yanaendelea bila kukwama. Mtoto anaelewa kila kitu na hatamki sentensi ya Kigiriama. Amesikiliza miaka kumi. Kutamka hakuna aliyemdai.

Na nenda chuoni, yaani madrasa, alasiri. Mtoto wa miaka minane anaisoma juzuu ya Amma ya Kurani kwa makhraji sahihi, kila herufi ikitoka mahali pake, ilhali Kiarabu haelewi. Nalisema hili kwa heshima, maana usomaji ule ni ibada na una lengo lake, na ustadi wa ulimi na sikio anaoupata mtoto ni wa hali ya juu. Lakini unatuonyesha wazi kwamba kugeuza herufi kuwa sauti ni jambo moja na kupata maana ni jambo la pili. Nitalirudia hili nitakapofika kwenye kusoma.

Nianze na sikio, kwa sababu ndiyo stadi inayofundishwa vibaya kuliko zote. Kwa kweli mara nyingi haifundishwi, hupimwa tu. Mwalimu anasoma kifungu, anauliza maswali matano, anasahihisha. Aliyepata ana sikio, aliyekosa hana, na kipindi kimekwisha. Hakuna aliyeonyeshwa sikio lake lilikosea wapi.

Shida ya kwanza ya sikio ni kwamba sauti haina nafasi kati ya neno na neno. Tunazoea nafasi za kwenye karatasi tukadhani ziko hewani pia. "Nimekwisha kukwambia" kwa kinywa cha Mombasa ni "n'shakwambia", mkupuo mmoja. Na Kiswahili kina mzigo wake wa ziada: kitenzi kimoja hubeba sentensi nzima, na maana inaweza kuning'inia kwenye silabi moja. "Hawakuona" na "hawakukuona" zinatofautiana kwa "ku" moja, lakini ya kwanza yasema hawakuona tu, ya pili yasema wewe hukuonekana. Msomaji anaziona mbili hizo zikiwa mbalimbali kabisa. Msikilizaji mgeni anasikia kitu kilekile kikimpita mara mbili.

Lakini lugha yenyewe imetoa msaada. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Mwanafunzi akiuhisi mkazo anajua kwamba imebaki silabi moja na neno limekwisha. Yaani mkazo unamfanyia kazi ya zile nafasi za kwenye karatasi. Huwa naanza darasa la wageni kwa kupiga kofi kwenye mkazo, hata kabla hawajajua maana ya wanachokipigia. Yako maneno machache yanayokwenda kinyume, kama "barabara" ya njia, yenye mkazo pale pa kawaida, na "barabara" ya sawasawa, ambayo kwa wengi hubebwa na silabi ya pili kutoka mwanzo. Karatasi haikwambii ipi ni ipi.

Na karatasi inanyamazia mengine. Wenyeji wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi: yule mnyama hutamkwa kwa mpumuo, na wataalamu wa lahaja humwandika p'aa. Vivyo hivyo kaa la moto na k'aa wa baharini. Maandishi sanifu hayana alama ya mpumuo, kwa hiyo aliyejifunza kwa kitabu hata hajui kwamba kuna kitu cha kusikiliza. Hili halimzuii kuishi mjini, kwani muktadha humwokoa; ni nadra mtu kulichanganya paa la bati na mnyama. Lakini anayetaka kuzungumza kama watu wa hapa lazima aanzie sikioni, maana mdomo hautoi sauti ambayo sikio halijaigawa.

Darasani natumia sauti fupi, ya dakika mbili tu. Mara ya kwanza kalamu ziko chini: nani anasema na nani, kuhusu nini? Mara ya pili tunavizia vitenzi peke yake, kwa kuwa ndivyo vilivyobeba mzigo. Mara ya tatu nawapa maandishi ya sauti ileile, na kila mtu anapiga mstari mahali ambapo neno analolijua lilimponyoka. Hapo ndipo kujifunza kunapotokea. Mistari ya muuguzi wangu ilikuwa karibu yote kwenye viambishi vya mwanzo: n', wa-, ya-, sh'. Msamiati haukuwa tatizo lake hata kidogo, na kumwongezea msamiati kungekuwa kumtibu mguu mtu anayeumwa na jino.

Watu huambiwa wasikilize taarifa ya habari, na ushauri huo ni mzuri kwa kuanzia. Idhaa ya Kiswahili ya BBC iko hewani tangu 1957 na matamshi yake ni safi. Ila kumbuka kwamba msomaji wa habari anasoma. Unachokisikia ni maandishi yaliyopewa sauti: sentensi zimekamilika, hakuna anayemkatiza mwenzake, hakuna anayerudia. Aliyelea sikio lake kwa taarifa ya habari peke yake akikaa kwenye baraza la Mji wa Kale, kikombe cha kahawa mkononi, watu watatu wakisema kwa pamoja na wa nne akicheka, atarudi nyumbani na kashata tu. Anahitaji pia vipindi vya wapigaji simu katika redio zetu, na sauti za watu wasiojua kwamba wanasikilizwa na mwanafunzi.

Sasa mdomo. Mtaalamu wa Uholanzi, Willem Levelt, katika kazi yake ya 1989, aligawanya kuzungumza katika hatua tatu: kuamua la kusema, kulivika maneno na sarufi, na kulitamka. Kwa mwenyeji hatua mbili za mwisho hujiendesha zenyewe, na akili yote hubaki kwenye la kusema. Mgeni anahesabu kila hatua. Mtazame anapotaka kusema "kikapu chako kile kikubwa kimeanguka". Kabla hajafungua kinywa lazima awe ameshajua ngeli, kisha aibebe ngeli hiyo bila kuiangusha kupitia maneno matano, huku mwenye kikapu akimtazama. Ndiyo maana mtu anayejaza ngeli zote bila kosa kwenye zoezi la maandishi husema "kikapu yako". Sarufi anaijua. Muda ndio aliokosa.

Kinachopunguza mzigo ni vifungu vilivyokaa tayari ulimini. Sokoni Kongowea huhitaji kuunda sentensi, unahitaji "fungu ngapi?", "nipunguzie", "mwisho ngapi?", na nambari zinazotoka bila kuhesabiwa. Ndani ya matatu unahitaji "nishukishe hapo stejini" litoke kabla ya steji kupita. Nawatuma wanafunzi sokoni na shilingi mia mbili na orodha ya vitu vitatu, na nawakataza kwenda na daftari. Wanarudi na nyanya, na mara nyingi bei waliyopata ni bei ya mgeni. Wiki ya nne bei hushuka.

Hapa kuna mjadala wa zamani unaofaa kujulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Stephen Krashen alisisitiza kwamba lugha hujengeka kwa kupokea: sikiliza na usome kwa wingi mambo unayoyaelewa, yaliyo juu kidogo tu ya uwezo wako, na kuzungumza kutakuja kwenyewe. Mwaka 1985 Merrill Swain akajibu kwa aliyoyaona Kanada, ambako watoto wa familia za Kiingereza walikuwa wakifundishwa masomo kwa Kifaransa. Baada ya miaka mingi walielewa Kifaransa vizuri sana, lakini walipozungumza na kuandika makosa yaleyale yaliendelea. Swain akasema kutoa kuna kazi yake: unapolazimika kusema ndipo unapogundua pengo lako. Mimi nasimama na wote wawili, kila mmoja mahali pake. Mjukuu wa Kisauni ni shahidi wa Swain. Lakini muuguzi wangu hakuhitaji kusukumwa aseme. Alihitaji kulishwa sauti, na Krashen angemwelewa haraka.

Na lipo jambo letu la Pwani linalochelewesha wageni: adabu. Mgeni anasema, "Mtoto yangu anaumwa." Mwenyeji anajibu kwa upole, "Pole sana! Mtoto wako anaumwa na nini?" Amemsahihisha, kwa heshima, bila kumwaibisha, na mgeni hakusikia kitu, kwa kuwa alikuwa anasikiliza pole. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza jambo hilihili katika madarasa ya Kifaransa ya Kanada na kuchapisha matokeo yao mwaka 1997: usahihishaji wa kurudia kwa upole namna hii ndio walimu walioutumia zaidi, na ndio uliowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa uchache zaidi. Naomba familia zilizooa wageni zinisamehe ninapowaambia: msimfiche. Mrudishieni neno likiwa nusu, "mtoto...?", mnyamaze kidogo, alimalize mwenyewe.

Kwa wepesi wa ulimi kuna zoezi ambalo sijaona linaloshinda. Mwanafunzi anasimulia kisa kimoja mara tatu kwa watu watatu tofauti, mara ya kwanza kwa dakika nne, ya pili tatu, ya tatu mbili. Kisa ni kilekile, kwa hiyo la kusema limeshaamuliwa, na nguvu yote inakwenda kwenye kulisema. Mara ya kwanza ni kigugumizi. Mara ya tatu utamsikia akisema kitenzi kirefu chote kwa pumzi moja na yeye mwenyewe akashtuka.

Kusoma, basi. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walitoa maelezo mafupi ambayo bado yanatumika sana: kuelewa unachosoma ni zao la kuzidisha vitu viwili, uwezo wa kugeuza herufi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Zingatia kwamba wamesema kuzidisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Yule mtoto wa chuoni ana cha kwanza kwa Kiarabu. Bibi asiyewahi kwenda shule, anayejua methali zote za Kimvita, ana cha pili kwa Kiswahili.

Kiswahili ni chepesi mno upande wa kwanza. Irabu tano, kila moja na sauti yake. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu na wenzake anaweza kulitamka neno lolote utakalomwandikia, hata "tarakilishi" ambayo hajawahi kuiona. Hii ni neema, na ni mtego. Katika Kiingereza mtoto asiyeelewa hukwama na mwalimu anamwona, kwani herufi zake hazitabiriki. Katika Kiswahili mtoto asiyeelewa anasoma kwa sauti nzuri, darasa linapiga makofi, na pengo linabaki limefunikwa mpaka darasa la juu, pale masomo mengine yanapoanza kutegemea kusoma. Kusoma kwa sauti mbele ya darasa kunatuonyesha matamshi. Kuelewa kunaonekana ukifunga kitabu na kumwambia, "Haya, nisimulie."

Upande wa pili hukua kwa kusoma mengi yanayoeleweka. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliofanywa kwa wasomaji wa Kiingereza, ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi vizuri bila msaada, yaani maneno mageni mawili tu katika kila mia. Waliojua asilimia 80 tu hakuna hata mmoja aliyeelewa ya kutosha. Hesabu hiyo haiwezi kuhamishwa moja kwa moja kwenye Kiswahili, ambapo "walichokuwa wakikitafuta" ni maneno mawili yenye kazi ya sentensi, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Mwanafunzi anayepambana na kifungu kwa kamusi, neno la tano kwa la tano, anafanya zoezi la kamusi. Mwanafunzi anayependa mpira aanze na kurasa za michezo za gazeti la Taifa Leo. Matokeo ya mechi ameshayajua, na ujuzi huo unamfungulia nusu ya maneno.

Kuandika kuna historia yake, na historia hiyo ilipita hapahapa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika nchi za Afrika Mashariki. Kimvita, lahaja aliyotungia Muyaka bin Haji mashairi yake, kikabaki cha nyumbani. Tangu hapo mtoto wa Mji wa Kale anasema "mato" na kuandika "macho", anasema "ndia" na kuandika "njia", anashikwa na "ndaa" na kuandika "njaa". Nalitaja hili kwa sababu walimu wengi humwambia mwanafunzi "andika unavyosema". Si kweli hata kwa mwenyeji. Maandishi ni namna nyingine ya lugha, yenye kanuni zake, na kila mtu huifundishwa. Mtoto wa Kimvita akiandika "ndia" hajakosea lugha yake. Aonyeshwe kwamba karatasi ina kawaida yake na mdomo una yake, na aachiwe zote mbili.

Shuleni tumeilea insha kwa namna inayonisikitisha. Tunawakaririsha watoto mapambo, "nilirauka alfajiri na mapema", "siku hiyo hewa ilikuwa shwari", tahamaki, methali mbili kila aya. Mtoto anajifunza kupachika. Mwambie aandike jinsi mamake anavyofunga duka lake Marikiti jioni, kitu gani kinaingizwa ndani kwanza, utaona anauma kalamu. Hapo kwenye kuuma kalamu ndipo kuandika kunapoanza, kwa sababu amegundua kwamba kitu anakijua na neno hana. Na kwa kuwa karatasi inangoja, ana nafasi ya kulitafuta. Stadi hii ndiyo polepole kuliko zote, na upole huo ndio faida yake: anachokigundua mwandishi leo kitamtoka mdomoni kesho.

Mtihani nao una mchango wake. Kiswahili cha KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne nchini Kenya, kina karatasi tatu, Insha, Lugha na Fasihi, na zote ni za kuandika. Hata isimujamii, somo linalohusu namna watu wanavyozungumza sokoni, hospitalini na mahakamani, hujibiwa kwa kalamu. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini na silabasi ya kumaliza atafundisha kinachopimwa, na simlaumu. Lakini basi tusishangae kwamba tunapata vijana wenye A wasiosikia "wajaza".

Kwa muuguzi nilichukua kitu kimoja na kukipitisha kwenye stadi zote kwa wiki moja. Mama mwenye nyumba alikubali kurekodiwa akieleza mahamri. Jumatatu tulisikiliza mara tatu: unga, sukari, hamira, iliki iliyopondwa, tui la nazi. Kwenye mstari wa nne muuguzi aliacha pengo na alama ya kuuliza. Tuliporudisha ikawa "watia tui kidogo kidogo", na safari hii alicheka, maana alijua anayetia tui ni nani. Jumatano alisimulia upishi huo kwa wanafunzi watatu, dakika nne, tatu, mbili. Alhamisi akauandika kwa Kiswahili sanifu, "unatia", "unakanda", "unafunika mpaka uumuke". Aligundua kwamba hana neno la kuusukuma unga na kuukata pembetatu, akalitafuta katika mapishi mengine aliyoyasoma usiku huo.

Jumamosi alikwenda na karatasi yake jikoni kwa mama, akamsomea. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa na unga.

"Uzuri, mwanangu," akasema. "Lakini umesahau, mafuta wangoja yapate moto."

Muuguzi akasogea jikoni, akanyoosha kiganja juu ya karai, akangoja.